Fundi wa vyoo vya ndege aliyeimba dunia ikasikiliza

Jumapili hii nataka tumkumbuke mtu aliyekuwa fundi, akawa mwimbaji, kisha akaacha jukwaa akarudi nyumbani kulea watoto wake.

Jina lake ni Bill Withers. Huenda jina hilo ni geni kwako, lakini sauti yake si ngeni. Ni yeye aliyetunga na kuimba "Lean on Me", kibao ambacho kwaya nyingi duniani zimekiimba hata wengine wakadhani ni wimbo wa dini. Ni yeye pia wa "Ain't No Sunshine", na "Lovely Day" ambao redio hupenda kuupiga asubuhi watu wakielekea kazini.

Mzee huyo aliaga dunia mjini Los Angeles, Marekani, tarehe 30 Machi 2020, kutokana na maradhi ya moyo. Alikuwa na umri wa miaka 81.

Labda utaniuliza: mbona nimlete katika ukurasa huu wa jamaa na malezi, ilhali wanamuziki wana kurasa zao? Sababu ninayo.

Katika nyumba nyingi za miji yetu yumo baba anayetoka alfajiri akiwa amebeba mfuko wa spana na koleo. Yeye ndiye hufungua bomba lililoziba, hutengeneza lifti iliyokwama, hupanda juu ya paa linalovuja. Jioni hurudi na grisi kwenye kucha. Lakini mwanawe akiulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani, hutazama chini kidogo, kisha hujibu, "Anafanya kazi katika kampuni fulani mjini." Neno "fundi" humkwama kooni.

Na siku baba huyo atakapofariki, historia yake itakayosomwa kaburini itakuwa fupi. Alizaliwa mwaka fulani, akasomea mahali fulani, akaajiriwa, akastaafu, ameacha mjane na watoto kadhaa. Basi. Nyimbo alizozipenda hazitatajwa. Kazi ya mikono yake haitatajwa.

Bill Withers aliishi maisha yake yote bila kuionea aibu kazi ya mikono. Hata alipokuwa tajiri, alijieleza kama mtu wa kawaida aliyejifunza kazi, akaifanya vizuri, na akajua wakati wa kuiweka chini. Hilo ndilo nataka tulitazame pamoja leo.

Mtoto wa mgodini

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 katika kijiji cha Slab Fork, jimbo la West Virginia. Hapo ni mahali pa migodi ya makaa ya mawe. Wanaume waliingia chini ya ardhi asubuhi na kutoka jioni wakiwa weusi kwa vumbi, awe mtu mweupe au mweusi. Bill alikuwa kitinda mimba katika jamaa ya watoto sita.

Siku hizo Wamarekani weusi na weupe walitengwa katika mambo mengi. Kijijini kwao, reli ndiyo iliyokuwa mpaka: weusi upande huu, weupe upande ule. Bill alipata kueleza kwamba nyumba yao ilikuwa pale pale mpakani. Kwa hivyo alisikia muziki wa pande zote mbili. Upande mmoja magitaa ya watu weupe wa mashambani, upande mwingine nyimbo za Injili za kanisani kwao. Ukisikiliza nyimbo zake leo, utayasikia yote mawili yakikaa pamoja bila kugombana.

Alilelewa zaidi katika mji wa karibu uitwao Beckley. Alipokuwa na umri wa miaka 13 tu, baba yake alifariki. Mama yake alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Aliyekuwa nguzo ya mtoto huyo alikuwa bibi yake, mzaa mama. Ajuza huyo alimpeleka kanisani, akapiga makofi na kuimba, na akamkinga mjukuu wake alipotaka kuadhibiwa.

Miaka mingi baadaye Bill alimtungia wimbo, "Grandma's Hands", yaani mikono ya bibi. Tazama jambo hilo, msomaji. Katika mwili mzima wa bibi yake, alichochagua kukikumbuka ni mikono. Mtu aliyelelewa miongoni mwa wafanyakazi huanza kwa kutazama mikono.

Tena alikuwa na kigugumizi. Neno lilimkwama mdomoni wenzake wakamcheka. Kigugumizi hicho hakikumwacha utotoni. Alikaa nacho hadi umri wa miaka 28. Mwalimu au jirani ambaye angemwona akihangaika kutamka jina lake hangekubali kwamba siku moja mamilioni ya watu watanyamaza wamsikilize.

Kwa hivyo mzazi, kama una mtoto anayekwama akisema, usimmalizie maneno wala usimkemee mbele ya wageni. Mpe muda. Hujui ni nini kinachosubiri nyuma ya neno lile lililokwama.

Spana kabla ya gitaa

Akiwa na umri wa miaka 17, Bill alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Marekani. Rais Harry Truman alikuwa ametoa amri mwaka 1948 kwamba ubaguzi wa rangi ukome jeshini, lakini amri ni jambo moja na mazoea ni jingine. Vijana wengi weusi bado walikuwa wakielekezwa jikoni na mezani, wapike na kuwahudumia maofisa.

Bill hakutaka kuwa mpishi wala mtumishi wa meza. Alitaka ufundi. Akasomea kazi ya kutengeneza ndege, na humo jeshini akakaa miaka tisa.

Ewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, hebu elewa uzito wa kazi hiyo. Gari likiharibika njiani, dereva huliegesha kando. Ndege ikiharibika angani hakuna kando. Fundi wa ndege hufundishwa kukagua kila kitu kwa utaratibu, kukaza kila parafujo kwa kipimo chake, na kutoacha jambo kwa kusema "itashika tu." Ni kazi ya mtu mtulivu anayependa kitu kiwe sawasawa hata kama hakuna atakayekiona.

Alitoka jeshini mwaka 1965. Alifanya vibarua mbalimbali huko California, hata akawa mpelekaji maziwa majumbani. Mwaka 1967 akahamia Los Angeles, na hatimaye akaajiriwa katika kiwanda cha Weber Aircraft. Kazi yake ilikuwa kutengeneza na kufunga vyoo vya ndege, zikiwamo zile ndege kubwa za Boeing 747 zilizokuwa mpya wakati huo.

Naam, vyoo. Ucheke ukitaka, yeye mwenyewe alikuwa akicheka. Lakini jiulize: abiria zaidi ya mia tatu wakiwa juu ya bahari kwa saa kumi, ni nani muhimu zaidi kwao baada ya rubani?

Alivyoanza kuimba

Bill alikuwa mpenzi wa muziki tangu utotoni, lakini hakuwa mwanamuziki. Kisa chenyewe cha kuanza alipenda kukisimulia.

Usiku mmoja alikwenda katika ukumbi wa starehe mjini Oakland ambako mwimbaji mashuhuri Lou Rawls alikuwa atumbuize. Rawls akachelewa. Meneja wa ukumbi akawa anatembea huku na huko akilalamika kwamba anamlipa mtu huyo dola 2,000 kwa juma na bado hafiki kwa wakati.

Wakati huo Bill alikuwa akilipwa dola 3 kwa saa. Piga hesabu, msomaji. Kwa mtu anayefanya kazi saa 40 kwa juma, dola 2,000 ni mshahara wa zaidi ya majuma 16, yaani kama miezi minne!

Bill hakulaani maisha wala hakumwonea Rawls kijicho. Alikwenda katika duka linalouza vitu vilivyowekwa rehani, akanunua gitaa la bei rahisi, akaanza kujifundisha mwenyewe baina ya zamu za kazi. Wakati huo alikuwa ameshafikisha umri ambao wengi huona milango imefungwa.

Halafu akafanya jambo ambalo vijana wetu wengi wangelifanya kinyume. Hakuacha kazi ili "afuate ndoto." Alifanya kazi kiwandani, akadunduiza mshahara, na kwa fedha hizo akalipia kanda za majaribio. Kanda hizo alizipeleka kwa watu wa muziki, akakataliwa huku na kule. Mwishowe zikamfikia Clarence Avant, mwenye kampuni ndogo ya santuri iliyoitwa Sussex, naye akampa nafasi.

Aliyesimamia kurekodi nyimbo hizo ni Booker T. Jones, mwanamuziki aliyekuwa na jina kubwa. Booker T. amesimulia jinsi Bill alivyoingia studio, akatazama wale wapigaji mashuhuri waliokuwa wamekusanyika, akauliza ni nani atakayeimba nyimbo hizo. Akaambiwa: ni wewe! Mpaka dakika hiyo alijiona kama mtungaji tu.

Albamu ilitoka mwaka 1971 kwa jina "Just As I Am". Ukiipata, itazame picha ya jalada. Huoni suti wala cheni za dhahabu. Utamwona mtu amesimama penye ukuta wa kiwanda, amevaa nguo za kawaida, mkononi ameshika mkebe wa chakula cha mchana. Picha hiyo ilipigwa pale pale kazini wakati wa mapumziko.

Msanii wa leo angeficha mkebe ule. Bill aliushika mbele ya dunia nzima. Kwake hilo lilikuwa jambo la kweli tu: mimi ni mfanyakazi, hiki ni chakula changu, na hizi ni nyimbo zangu.

Ustadi wa kujua pa kuacha

Katika albamu hiyo ndimo ulimo wimbo "Ain't No Sunshine". Ni mfupi, dakika mbili na kidogo. Katikati yake kuna mahali ambapo Bill anarudia maneno mawili yale yale mara 26, bila kuongeza kitu.

Hiyo ilikuwaje? Alikusudia kuandika ubeti mwingine hapo. Ule mrudio ulikuwa wa kushikilia nafasi tu. Lakini wanamuziki wenzake waliposikia, wakamwambia aache vile vile. Yeye, mtu aliyetoka kiwandani juzi, aliwasikiliza waliomtangulia katika kazi. Leo sehemu hiyo ndiyo watu huisubiri.

Wimbo huo ulimpatia tuzo ya Grammy mwaka 1972. Mauzo yalipofikia kiwango cha dhahabu, watu wa kampuni wakamletea zawadi ya utani: choo cha dhahabu! Bill alilipenda jambo hilo. Hakuona kwamba wamemdhihaki kwa kumkumbusha alikotoka.

Alisimulia pia kwamba siku moja alipokea barua mbili. Moja ilitoka kiwandani, ikimwita arudi kazini baada ya kupunguzwa kwa wafanyakazi. Ya pili ilimwalika katika kipindi cha televisheni cha Johnny Carson, kilichotazamwa na Marekani nzima. Msomaji, njia panda kama hiyo ni wachache wanaopata kuiona ikiwa imeandikwa kwenye karatasi!

Mwaka 1972 ukatoka "Lean on Me". Bill alikuwa amejinunulia piano ndogo, akawa anachezea vidole juu yake, akivisogeza hatua kwa hatua kama mtoto anayehesabu. Kutokana na mwendo huo rahisi ukazaliwa wimbo kuhusu kuegemeana wakati wa shida. Alieleza kwamba moyo wa wimbo huo ni Slab Fork. Mjini Los Angeles alikuta watu wanaoishi ukuta kwa ukuta bila kujuana, akakumbuka kijiji ambako jirani akiugua unakwenda.

Hapo nadhani kila mwenyeji wa mjini atamwelewa. Ni wangapi kati yetu tunaomjua mtu wa mlango wa tatu?

Mwezi Julai 1972 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka 1987 kundi la Club Nouveau liliuimba upya, ukapanda tena hadi nafasi ya kwanza, na Bill akapata Grammy nyingine kama mtungaji. Na mwaka 2020, katika majuma yale yale alipofariki, ugonjwa wa korona ulipokuwa umewafungia watu majumbani, wengi waliuimba kuwatia moyo wauguzi na madaktari. Mwenyewe aliondoka wakati dunia ilikuwa ikiuhitaji wimbo wake zaidi.

Alipokuja Kinshasa

Wapenzi wa muziki wa Kongo, hapa pana habari yenu.

Mnamo Septemba 1974 kulikuwa na tamasha kubwa la siku tatu mjini Kinshasa, nchi ikiitwa Zaire wakati huo. Lilipangwa liende sambamba na ndondi za Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pigano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki ukaendelea.

Jukwaani walipanda James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba. Wenyeji wao walikuwa Franco na kundi lake la OK Jazz, na Tabu Ley Rochereau, watu ambao sahani zao zilikuwa zikipigwa Nairobi na Mombasa kila pembe.

Na Bill Withers alikuwapo. Picha za tamasha hilo zilihifadhiwa miaka mingi, zikaja kutolewa katika filamu ya "Soul Power" ya mwaka 2008. Wengine wanaruka, wanatoka jasho, wanapasua anga. Bill anaonekana ametulia na gitaa lake, akiimba polepole wimbo wa huzuni, "Hope She'll Be Happier". Katika kelele zote zile, fundi alikuja na kifaa kimoja tu, akaifanya kazi yake, akamaliza.

Baba nyumbani

Sasa tufike katika sehemu iliyonifanya nimchague.

Maisha ya nyumbani hayakumnyookea mara moja. Mwaka 1973 alimwoa mwigizaji Denise Nicholas, na ndoa hiyo ikavunjika mwaka uliofuata. Mwaka 1976 akamwoa Marcia Johnson. Huyo ndiye waliyeishi pamoja hadi kifo. Walijaaliwa watoto wawili, mvulana Todd na msichana Kori.

Wakati huo kazini mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Kampuni ya Sussex ilifilisika mwaka 1975. Akahamia Columbia, kampuni kubwa sana, na huko akakutana na wakubwa waliotaka kumfundisha namna ya kuwa yeye. Alieleza kwa uchungu jinsi mmoja wao alivyomtaka aimbe upya wimbo wa Elvis Presley. Yeye, mtungaji wa "Lean on Me"!

Hata hivyo aliendelea kufanya mema. Mwaka 1977 alitoa "Lovely Day", ambamo anashikilia sauti moja kwa sekunde 18 bila kuvuta pumzi. Jaribu wewe ukiwa jikoni uone. Mwaka 1981 sauti yake ilitamba tena katika "Just the Two of Us", wimbo alioimba kwenye albamu ya mpiga saksafoni Grover Washington Jr., ukamletea Grammy mwaka uliofuata.

Lakini albamu yake mwenyewe haikutoka tena tangu 1978 hadi 1985. Ilipotoka ile ya 1985, ndiyo ikawa ya mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 47, sauti ikiwa nzima, jina likiwa kubwa. Akaenda nyumbani.

Watu hawakuamini. Miaka nenda miaka rudi waandishi walimfuata wakimuuliza atarudi lini. Wengine waliandika kana kwamba mtu huyo amepotea. Hakuwa amepotea. Alikuwa na mke na watoto wawili ambao bado walikuwa wadogo. Alikuwapo.

Marcia ndiye aliyesimamia mali ya nyimbo zake. Kila wimbo ulipotumiwa katika filamu au tangazo, au kuimbwa upya na mwingine, mirabaha ilirudi nyumbani. Wasanii wetu chipukizi, kumbukeni hilo. Wako wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki waliokufa maskini huku nyimbo zao zikiwatajirisha wengine. Bill aliweza kuondoka kwa heshima kwa sababu karatasi zake zilikuwa mikononi mwa mtu aliyemwamini.

Filamu ya maisha yake, "Still Bill", ilitolewa mwaka 2009. Ndani yake kuna mambo mawili ambayo kila mzazi angepaswa kuyaona. La kwanza, yuko studio pamoja na binti yake Kori anayeimba, na baba mtu anashindwa kuyazuia machozi. La pili, amekaa na watoto wenye kigugumizi mjini New York, akiwasemesha kama mwenzao aliyepita njia ile ile. Ukimwona katika mambo hayo mawili utajua miaka ile ya ukimya haikuwa mitupu.

Mwaka 2015 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa wanamuziki wa roki huko Cleveland. Stevie Wonder ndiye aliyemtambulisha. Mzee wa miaka 76 alisimama akafanya mzaha, akawachekesha watu ukumbi mzima, akashukuru.

Pingamizi

Najua kuna atakayesema: "Mwandishi, huyo alikuwa na fedha za nyimbo. Mimi fundi wa bomba nikiacha kazi nikae na watoto, tutakula nini?"

Ni kweli, wala sikushauri uache kazi. Bill alipata bahati ambayo mafundi wengi hawaipati. Kwa kila Bill Withers mmoja kuna maelfu waliokuwa na gitaa chini ya kitanda, wakafunga vyoo hadi siku ya kustaafu, na hakuna aliyewasikia isipokuwa watu wa nyumbani mwao.

Lakini hebu tuwatazame hao maelfu. Je, maisha yao yalikuwa duni? Bill angekataa. Yeye alisisitiza kwamba alikuwa mtu kamili kabla dunia haijamjua. Alikuwa na ujuzi, alikuwa na rafiki, alikuwa na la kusema. Nyimbo zake zilitoka katika miaka ile thelathini na kitu ambayo hakuwa mashuhuri. Bila mgodi, bila bibi, bila kiwanda, angeimba nini?

Tena jambo lililomfanya mwimbaji mzuri ndilo lile lile lililomfanya fundi mzuri. Kitu kifanye kazi yake. Usiongeze kisichohitajika. Kikaze pale panapohitaji kukazwa. Na ukimaliza, funga mfuko wako uende nyumbani, unangojewa.

Kwa hivyo leo, msomaji, nina maombi mawili.

La kwanza ni kwenu vijana. Kama baba yako au mama yako anafanya kazi ya mikono, mkalie karibu leo baada ya chakula. Muulize alijifunza wapi kazi yake, na ni nani aliyemfundisha. Muulize ni kitu gani kigumu zaidi alichowahi kutengeneza. Kisha muulize ni wimbo gani alioupenda alipokuwa na umri kama wako, mwombe akuimbie. Siku hizi simu nyingi zina kinasa sauti, kiwashe. Au chukua daftari uandike. Siku ya kusoma historia yake ikifika, hutakuwa na karatasi yenye tarehe tu.

La pili ni kwenu kina baba. Msingoje wageni ndio wawajue. Yule mwanao anayekwepa kulitaja jina la kazi yako, mchukue siku moja twende naye kazini, aone lifti ikipanda baada ya mikono yako kuigusa, aone mtaa mzima ukipata maji. Na kama una gitaa lililokatika nyuzi, au redio ya zamani na sahani zinazolala vumbi, zishushe kabatini. Watoto wako wanajua unavyokohoa na unavyogomba. Wengi wao hawajui unavyoimba.

Kazi hujenga nyumba, lakini wimbo ndio huifanya ikumbukwe. Bill Withers alivifanya vyote viwili, na aliona fahari kwa vyote viwili.